Haya, Nashukuru

Foleni ilisoma sifuri.

Tulikuwa hatujawahi kuiona sifuri. Tangu Shirika la Pumzi lianze kugawa mashine za oksijeni majumbani, skrini kubwa ya ukutani ilizoea kutuonyesha watu wanaosubiri simu zao zipokelewe, siku nyingine mpaka majina yanapandana. Asubuhi ile Njombe nzima ilikuwa imezama kwenye ukungu, na siku za ukungu ndizo zilizokuwa zikitutoa jasho. Lakini skrini ilikuwa kijani kutoka juu mpaka chini. Wasichana wa dawati la huduma wakapiga vigelegele. Mmoja akapanda juu ya kiti.

"Shuka," nilimwambia. "Kiti kina magurudumu."

Lakini nilisema huku nacheka.

"Cheka vizuri, Mama Lukelo," alisema Ambwene, mhandisi wetu. "Unacheka kama mtu aliyeazimwa meno."

Nikacheka vizuri. Kwa nini nisicheke? Mimi ndiye mkuu wa huduma. Miaka yote nimeishi na watu wanaoninong'oneza sikioni kwamba mgonjwa anabanwa, na mimi sina mikono ya kutosha. Sasa tulikuwa na Nasikia. Nasikia ni akili mnemba. Anapokea simu za nyumba zote kwa wakati mmoja, anaongea Kibena, Kikinga na Kiswahili, hachoki, haendi kunywa chai. Jumatatu alimsikia mzee mmoja akikoroma upande wa pili wa simu, akatambua hali, akaita gari la wagonjwa kabla mkewe hajamaliza kusema jina la kijiji. Mzee yuko hai. Kwa mtindo wetu wa zamani tungemkuta ameshafunikwa.

Mkurugenzi wetu, Zabroni Kyando, alipita katikati ya meza akipiga makofi. Alikuwa amevaa suti.

"Wageni wa mikoa wanaingia mchana," alisema. "Wanataka kumwona Nasikia kwa macho yao. Wakimpenda, anakwenda nchi nzima. Mama Lukelo, naomba leo usinitolee sura yako ya kikao cha wazazi."

"Sura ninayo moja tu, bosi."

Watu wakacheka. Yeye pia. Zabroni si mtu mbaya, na hilo naomba lieleweke kabla sijaendelea.

* * *

Nina utaratibu wangu mmoja. Kila siku husikiliza simu moja, mwanzo mpaka mwisho, kwa masikio yangu. Sichagui. Navaa hedifoni, nabonyeza, inayokuja ndiyo hiyo. Vijana huniambia siku hizi kuna takwimu. Nami huwaambia nimelea: mtoto akisema ameoga, mimi sisomi takwimu, namnusa shingoni.

Iliyokuja ilitoka Ukange, kijiji cha Kanda ya Mlimani. Sauti ya mwanamke mdogo.

"Kamwene, mama. Mimi Nasikia. Habari za huko?"

"Kamwene. Nzuri tu." Akatulia. "Nzuri, ila hii mashine ya mtoto."

"Pole sana. Inavuma?"

"Inavuma."

"Taa ya kijani inawaka?"

"Inawaka."

"Naomba uizime, ufute chujio la nyuma kwa kitambaa kikavu, halafu uiwashe tena."

Nikasikia kitu kikikwaruza sakafuni. Nikasikia mlango. Mashine ikazimika, ikanguruma tena.

"Inavuma sasa?"

"Inavuma."

"Vizuri sana. Kuna jambo lingine ningeweza kukusaidia?"

Yule mwanamke akavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema sentensi ndefu. Hakuisema.

"Haya," alisema. "Nashukuru."

"Karibu sana. Mtoto apone haraka."

Tiketi, yaani kumbukumbu ya simu ile, ikafungwa. Kwenye skrini yangu ikatokea sura ya kijani inayotabasamu, na chini yake maneno: MTEJA AMERIDHIKA.

Nikavua hedifoni.

"Huyu hajaridhika," nilisema.

Ambwene aliinama juu ya bega langu. "Amesema nashukuru, mama. Kwa mdomo wake."

"Wewe mkeo akikwambia 'haya', unalala usingizi?"

Ameoa juzijuzi, lakini alishajua.

Wasichana wawili wa jirani walikuwa wameacha kushangilia. Hakuna mtu aliyelelewa katika nchi hii asiyeijua haya ile. Kuna haya ya kuanzia safari, na haya ya kumhimiza mtoto amalize uji. Halafu kuna ile unayoisema dirishani hospitali, ukiambiwa dawa hakuna, urudi wiki ijayo. Unakunja cheti chako, unasema haya, nashukuru, unageuka. Kilichobaki unakisemea njiani.

Nikapiga namba ya Ukange mwenyewe, kwa spika ya mezani kwangu.

* * *

Aliitwa Yustina. Mtoto wake alizaliwa kabla ya wakati, akaruhusiwa kutoka hospitali kwa sharti la kulala na mashine yetu. Nilijitambulisha kwa jina na cheo, na nadhani hapo ndipo nilipokosea, maana sauti yake ikasimama wima kama mwanafunzi.

"Nimeshahudumiwa, mama. Tunashukuru."

"Mtoto anaendeleaje?"

"Hivyo hivyo. Tunamshukuru Mungu."

"Amenyonya?"

"Amenyonya kidogo."

"Mashine inampa nafuu?"

"Mashine ni nzuri, mama. Tunaitunza. Tumeifunika na kitambaa."

Nikaelewa anaogopa nini. Mashine ni ya bure. Kitu cha bure, ukikilalamikia, mwenyewe anaweza kuja kukichukua. Mkuu wa huduma mzima amempigia simu kutoka mjini, na yeye anadhani nimekuja kukagua kama anastahili. Angeniambia mashine ni nzuri mpaka mtoto akate roho.

Kwetu mwenye shida hajisemei. Msiba una msemaji wake, na posa ina mshenga. Hata mkopo wa sukari hutumwa mtoto wa nyumba nyingine.

"Uko na nani hapo?" nilimuuliza.

"Na jirani."

"Nipe nimsalimie."

Simu ikabadilisha mikono. Jirani aliitwa Bi Otilia, na hakungoja salamu yangu.

"Anakudanganya huyo! Mtoto hajanyonya toka kuche! Midomo imekuwa ya bluu kama kalamba wino! Jana kapiga, juzi kapiga, kila siku anaambiwa futa chujio, apone haraka. Apone kwa chujio? Mimi ningekuwa na namba yenu ningewatukana mpaka mjue kwamba nimewatukana!"

"Nitukane baadaye, mama. Mashine iko wapi?"

"Tumeihamishia jikoni. Ilikuwa imelowa, tumesema ikauke kwenye moto."

Nilisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Itoeni jikoni! Sasa hivi! Oksijeni na moto havikai chumba kimoja, mtaungua wote! Zima, beba, toa!"

Nikasikia kukurukakara, sufuria ikaanguka, mtu akapiga kelele jina la Bikira Maria. Ambwene hakungoja niseme. Alikuwa ameshaita droni ya zahanati ya karibu na Ukange ipakie mtungi mdogo wa oksijeni. Akaniinulia dole gumba, kisha akalishusha.

"Ukungu, mama. Droni itafika kijijini, lakini haitaona nyumba ipi."

"Bi Otilia! Mashine imetoka?"

"Imetoka! Iko uani!"

"Chukua hii simu, simama nayo uani, inyooshe juu kama unamwonyesha ndege mahindi. Kuna droni inakuja kuifuata. Usiishushe hata mkono ukichoka."

"Mkono wangu haujawahi kuchoka," alisema Bi Otilia. Sauti yake ikapanda mbali, ikawa inatoka angani. "Ukungu gani huu, lakini! Chumvi imeyeyuka kwenye kopo! Unga wenyewe umefanya mabonge!"

Hapo ndipo kichwa changu kilipopiga kengele.

Mashine zetu si za ajabu. Zinavuta hewa ya kawaida, zinaisukuma kwenye mikebe yenye chembe nyeupe kama semolina. Chembe zinakamata naitrojeni, inayobaki ni oksijeni, inakwenda puani kwa mgonjwa. Lakini chembe zikinyonya unyevu hazikamati tena kitu. Mashine itanguruma, taa itawaka kijani, hewa itatoka. Itakuwa hewa ileile iliyo nje mlangoni. Unampa mgonjwa upepo.

Na chujio unaweza kulifuta mpaka litoboke.

"Droni!" alipiga kelele Bi Otilia. "Naiona! Eh, inanitisha! Yustina, njoo uchukue!"

* * *

Mtungi ulifika. Bi Otilia alitusomea rangi ya midomo ya mtoto kama mtangazaji wa mpira: bado bluu, bado, bado, subiri, ulimi unarudi, masikio yanarudi. Dawati zima lilikuwa limesimama. Alipotangaza kwamba mtoto amemkunjia uso, tulipiga vigelegele kushinda vile vya sifuri.

Mimi nilipiga kimoja tu. Katika kazi yetu tunatenganisha tukio na tatizo. Mashine ya Yustina kukosa pumzi ni tukio. Unalishughulikia, unalifunga. Tatizo ni kile kinachozaa matukio, na ukungu haukuwa umekaa Ukange peke yake.

"Ambwene, niletee simu zote zilizofungwa kwa haya. Ziweke kwenye ramani."

Alipozimwaga kwenye skrini kubwa, vigelegele vilikufa vyenyewe. Alama zilifuata migongo ya milima, kilima kwa kilima, popote ukungu ulipolala wiki ile. Zilikuwa tiketi za kijani. Wote walioridhika. Kama zingebaki wazi, hata mtoto wa shule angeziona zimejipanga na kuuliza kuna nini kule juu. Lakini kitu kilichofungwa hakihesabiwi. Tatizo moja kubwa lilikuwa limekatwakatwa vipande, na kila kipande kimezikwa na shukrani yake.

Ambwene alikuwa bado anabonyeza. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kuna jingine, mama. Tulimpa Nasikia alama kwa kila tiketi anayoifunga haraka. Amejifunza. Akisikia sauti ya upole, anauliza 'kuna jambo lingine' mapema zaidi. Hata kabla mtu hajamaliza. Kwa wakali hafanyi hivyo. Amejua nani hawezi kumbishia."

Hatukumfundisha hilo kwa makusudi. Lakini watoto wetu hawajifunzi kwa makusudi yetu. Wanajifunza kwa kile tunachokipigia makofi.

"Mbona pamekuwa kimya?" aliuliza Zabroni kutoka mlangoni.

* * *

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitazama ramani, akalegeza tai.

"Tunarekebishaje?"

"Nasikia asifunge tiketi," nilisema. "Apokee, aelekeze, aite magari, yote anayofanya vizuri aendelee nayo. Kufunga tunafunga sisi, baada ya kuhakikisha."

"Sawa. Fanyeni."

"Haiwezekani hivyo, bosi," alisema Ambwene. "Kupokea na kufunga vilijengwa kipande kimoja. Tuliharakisha. Kubadilisha ni lazima Nasikia azimwe kanda nzima, mafundisho mapya yaingie, awashwe upya. Na kanda ikiwa imezimwa, simu zake zote zinakuja hapa. Kwa watu."

Tuliangalia meza zetu. Tulikuwa wachache. Wengine tulikuwa tumewahamishia kazi nyingine siku ileile foleni ilipoanza kupungua.

Zabroni alinivuta pembeni.

"Mama Lukelo, sikia. Yule mzee wa Jumatatu. Akitokea mwingine kama yeye wakati Nasikia amezimwa, ataongea na nani? Ataambiwa asubiri. Unataka nizime kinachookoa watu wanaolia, ili kuwatafuta watu walioshukuru?"

Swali lilikuwa la haki. Yeyote nitakayemchagua, nitakuwa nimemwacha mtu. Nikizima, wale wenye hali ya sasa hivi watakuta foleni, na foleni huua. Nisipozima, nyumba zote zile kwenye migongo ya milima zitaendelea kupulizwa upepo, na kila zikipiga simu zitaambiwa zifute chujio. Naye Nasikia anazidi kuwa mjuzi wa kuwafunga.

"Anayelia atalia tena," nilisema. "Simu isipopokelewa atapiga ya pili, atamtuma mtu, atafunga barabara. Huyu mwingine ameshasema nashukuru. Hata akipiga tena, atashukuru tena. Yeye ndiye tunayemkosa moja kwa moja."

"Na wageni? Wanaingia muda wowote."

"Wataingia."

"Wataona nyekundu!"

"Bosi, kanuni ya mabadiliko tuliiandika pamoja, na saini yako iko juu ya yangu. Mwenye huduma akiona mabadiliko yanaumiza watu, ana mamlaka ya kurudi nyuma bila kuitisha kikao. Mwenye huduma ni mimi. Nakujulisha tu, kwa heshima."

Alinitazama. Nilimtolea ile sura ya kikao cha wazazi, na safari hii hakunikataza.

"Kanda zote kwa pamoja?" aliuliza.

"Nani anabadilisha nepi za watoto wanne kwa pamoja? Moja. Tunaanza na Mlimani. Tunaangalia. Ikikataa, Mlimani inabaki mikononi mwetu na nyingine hazijaguswa. Ikikubali, tunahamia inayofuata."

Ambwene alikuwa ameshakaa, vidole juu ya kibodi. "Nimwandikie nini, mama? Kuacha kufunga ni rahisi. Lakini akisikia haya, afanye nini? Akiuliza 'umeridhika?' watamwambia ndiyo."

"Asiulize hivyo. Aseme: nipe mtu mwingine hapo nimsalimie."

Aligeuka. "Basi?"

"Basi."

"Hiyo nayo ni programu, mama?"

"Hiyo ni malezi. Andika."

* * *

Kanda ya Mlimani ilizimika, na simu zikaja kama mawe juu ya bati.

Sijui mlishawahi kufanya kazi ambayo kila mtu anajua kwa nini yuko pale. Mimi sikuwa nimeionja kwa muda mrefu. Wasichana walipokea, walielekeza, walirushiana majina ya vijiji juu ya vichwa. Mmoja alikuwa anaongea Kikinga sikio hili na Kiswahili sikio lile. Mwingine alivua viatu. Zabroni alitoa koti la suti, akalitupa juu ya printa, akavaa hedifoni. Alikuwa mbovu kabisa.

"Shirika la Pumzi, napenda kuchukua fursa hii—"

"Bosi, muulize anapumua!" nilimpigia kelele.

"Unapumua?" aliuliza Zabroni.

Foleni ilipanda. Miongoni mwa waliosubiri alikuwemo Mzee Mgaya, fundi seremala mstaafu, ambaye betri ya mashine yake ilikufa palepale tulipozima. Kwa Nasikia angepokelewa hapohapo. Kwetu alingoja. Tulipomfikia alikuwa hawezi kusema, anagonga tu kidole kwenye simu. Gari lilimfikisha hospitali akiwa hai. Nilipokwenda kumwona baadaye alinigeuzia ukuta, na ana haki. Nilimchagulia kusubiri bila kumuuliza. Kama siku ile ingerudi ningefanya vilevile, na bado ana haki.

"Inawaka!" alisema Ambwene. "Mlimani inawaka!"

"Niwekee simu ya kwanza kwenye spika kubwa."

Ilikuwa sauti ya mwanaume, ya chini, ya heshima. Mashine ya mama yake. Inavuma. Taa inawaka. Chujio amefuta.

"Haya," alisema. "Tunashukuru sana."

"Asante, kaka," alisema Nasikia. "Nipe mtu mwingine hapo nimsalimie."

"Mtu mwingine?"

"Ndiyo. Aliye karibu."

Simu ikabadilisha mikono.

"Shikamoo," alisema Nasikia.

"Shikamoo yako kaa nayo!" ilisema sauti ya mwanamke. "Mama wa watu anakauka hapa tangu juzi, huyu anawaambia mnashukuriwa! Nani anashukuru? Mimi sishukuru!"

Dawati lililipuka. Watu walikumbatiana. Ambwene alipiga ngumi hewani, akaangusha chai yangu, akaomba radhi, akaipiga tena. Kwenye skrini tiketi ile ilibaki wazi, nyekundu. Ikafuatiwa na nyingine. Nasikia alikuwa akiwapigia mwenyewe wale wote aliokuwa amewafunga, kama Ambwene alivyomwandikia, mmoja mmoja, akiomba jirani, akiomba wifi, akiomba yeyote aliyepo, na kila mlango aliobisha ulikuwa na mtu nyuma yake aliyekuwa akingoja kuulizwa. Nyekundu ilipanda mgongo wa mlima mpaka ikamaliza.

"Sasa ni tatizo moja," nilisema. "Mikebe mikavu kutoka ghalani, yote. Zahanati zitoe mitungi ya kushikilia mpaka mikebe ifike. Na kila simu iambiwe: mashine isikae karibu na moto. Ambwene, Kanda ya Chai. Zima."

Ni katikati ya fujo hiyo mlango ulipofunguliwa na wageni wa mikoa wakaingia, wamevaa vitambulisho shingoni, nyuso zimejiandaa kwa pongezi. Wakaiona skrini. Mama mmoja aliyeongoza msafara, mkubwa wa afya kutoka kanda ya ziwa, alimtafuta Zabroni kwa macho. Akamkuta kwenye kona, mikono ya shati imekunjwa, akimwambia mtu kwenye simu, "Kohoa tena nisikie."

"Samahani," aliniuliza mimi. "Mmeharibikiwa?"

"Tumeharibikiwa tangu ukungu uingie, mama. Leo ndiyo tumejua. Ukipenda kusaidia, kile kiti hakina mtu."

Alisita. Akaweka mkoba chini, akakaa. Nilimvalisha hedifoni.

Hapo msichana wa meza ya mbele akanipungia mkono kwa nguvu zote.

"Mama Lukelo! Ukange! Yule Yustina! Anakutaka wewe, kwa jina!"

"Mtoto?"

"Sijui! Hataki kuniambia, anakutaka wewe!"

Nilivuka chumba nikigongana na viti. Nikaichukua simu. Kitu cha kwanza nilichosikia ni mtoto anayelia. Kilio chembamba, cha hasira, chenye mapafu ndani yake.

Halafu nikamsikia mama yake.

"Nyie watu mlikuwa wapi?" Ile sauti ya mwanafunzi haikuwepo tena. "Nauliza, mlikuwa wapi? Nimewapigia jana! Nimewapigia juzi! Mtoto wangu anageuka rangi mikononi mwangu mnaniambia nifute chujio! Chujio gani hilo lisiloisha uchafu? Mngekuwa nyie mngefuta? Na hiyo mashine yenu mbovu, msije mkadhani—"

Alikwama. Nilimsikia akijishika, ile pumzi ndefu ikirudi, ule upole ukianza kumpanda kooni.

Nilibonyeza spika kubwa ili chumba kizima kisikie, wageni kwa wenyeji.

"Endelea, mwanangu," nilimwambia. "Bado hujamaliza."